Bigijii ya Kocha Danny

Mashine ya kunyolea ilisimama hewani, vidole viwili hivi juu ya sikio langu, na haikurudi kazini mpaka dakika nzima ipite. Kushoto nilikuwa nimeshanyolewa, kulia bado. Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, robo ya nne, Pittsburgh Steelers wako nyumbani dhidi ya Seattle Seahawks, na mimi niko kwenye kiti cha kinyozi wa Kikongo ambaye duka lake, msimu wa mpira wa Kimarekani ukianza, kila Jumapili ni kijiwe kwanza, saluni baadaye.

Seattle walikuwa wametoka kupata pointi 3 na kuongoza 17–14. Wakapiga mpira wa kuanzisha upya. Ukaanguka kabla ya mstari wa mwisho, ukadunda, ukampita kijana wetu Kaleb Johnson, mgeni kabisa kwenye ligi, katoka chuo cha Iowa juzi tu. Ukajikokota nyuma yake kwenye eneo la kufungia. Kijana akauangalia, akageuka, akaanza kutembea kuelekea benchi kama mtu aliyemaliza zamu. George Holani wa Seattle akampita mbio, akaulalia. Tachidauni, yaani bao kubwa la mpira huu. 24–14, na mwisho wa mechi 31–17.

Sikumbuki kama runinga ilimwonyesha kocha. Haikuwa lazima. Pale dukani kila mmoja alikuwa ameshamwona kichwani mwake: kofia, taya linapanda na kushuka, bigijii imejaa shavuni kama jiwe.

"Ule muzee haiko seriye," akasema mzee mmoja wa Uvira, mashariki ya Kongo, aliyekuwa amekaa karibu na friji ya soda. "Iko natafuna tu."

Muzee mwenyewe ni Danny Smith, aliyekuwa kocha wa timu maalumu za Steelers tangu mwaka 2013 mpaka msimu ule wa 2025. Mtu akiwa mgeni Pittsburgh miaka hiyo, mambo mawili aliyajua haraka bila kufundishwa: taulo la njano la mashabiki, na mdomo wa Danny Smith. Hatafuni kama sisi tunavyotafuna. Anatafuna kama mashine ya kusaga mahindi iliyosahauliwa kuzimwa, huku anapiga kelele, huku anaelekeza kwa mkono, na mdomo hauna habari ya kufunga. Watoto wa hapa walimwiga. Watu wazima waligombana juu yake.

Kwa asiyefuatilia mpira huu wa Kimarekani nieleze kidogo. Timu ina kikosi cha kushambulia, kikosi cha kuzuia, halafu kuna hawa wa timu maalumu, wanaoingia pale mpira unapopigwa kwa mguu. Wanakaa uwanjani sekunde chache, wanatoka. Wamegawanyika makundi sita: kupiga mpira wa kuanzia na kuupokea, kuupiga mbali pale shambulizi linapokwama na kuupokea ukipigwa na wengine, kupiga wa pointi kupita kati ya nguzo na kuuzuia. Na kocha wao ana shida ambayo wenzake hawana, yaani wachezaji si wake. Kila timu ina wachezaji 53, na anaoachiwa yeye wengi ni mabeki wa akiba, wakimbiaji wa akiba, vijana wa mkiani mwa orodha ambao leo wapo na Jumanne wamekatwa. Anawaazima kwa dakika chache katikati ya mazoezi ya wenzake, anawafundisha kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiota alipokuwa mtoto, kisha anawarudisha.

Nikitafuta anayefanana naye kwenye mpira wetu wa miguu, namwona kocha wa makipa. Nani anamtaja kocha wa makipa timu ikishinda mbili bila? Lakini kipa akiuachia mpira ukapita katikati ya miguu, hata mwuza karanga jukwaani atakuuliza huyo kocha analipwa kwa kazi gani.

Wiki moja tu kabla ya Seattle, tarehe 7 Septemba, Steelers walikuwa New Jersey wakicheza na New York Jets. Robo ya nne Jets wanapokea mpira wa kuanzia, mrudishaji wao anapigwa, mpira unamtoka, wetu wanauchukua na kufunga kutokana na hilo. Imebaki dakika moja na sekunde chache, mpigaji wetu Chris Boswell anapiga mpira wa yadi 60 unaopita katikati ya nguzo. 34–32. Mechi ile timu maalumu ndizo zilizotupa ushindi, mara mbili, mchana kweupe. Mrudishaji wa Jets alipoteza kazi siku chache baadaye. Nilikuwepo dukani siku hiyo pia. Kwa pigo la Boswell watu waliimba. Wengine walimsifu mchezaji aliyempokonya yule bwana mpira. Jina la Danny Smith sikulisikia hata mara moja.

Siku saba baadaye ndiyo mashine ikasimama hewani, na jina likawa moja tu.

Niliyoyasikia baada ya hapo yalinikaa. Wale watu wanajua mpira kuliko mimi, kwa hiyo hawakugombana juu ya mbinu. Waligombana juu ya moyo wa kazi. Je, mzee huyu anajali, au amekuja kula pensheni huku anatuchekesha?

Kinyozi alianza na umri. Amepita miaka 70. Amefundisha kwenye ligi hii tangu 1995, Philadelphia, Detroit, Buffalo, Washington, halafu hapa, na kabla ya hapo alikuwa amezunguka vyuo vingi. Mtu aliyezunguka hivyo, alisema kinyozi, amezoea. Kushinda na kushindwa kwake ni hali ya hewa tu. Dereva mmoja wa lori akasema tatizo ni uenyeji: Danny Smith ni mtoto wa Pittsburgh hasa, amesoma Central Catholic, shule ile ile aliyosoma Dan Marino, nyota wa zamani wa mpira huu, na mji huu haumfukuzi mtoto wake mpaka afukuzike. Hilo lina ukweli kidogo. Mji ambao viwanda vya chuma viliondoka na watu wakabaki hujivunia waliobaki, na walioondoka wakarudi hujivunia zaidi.

Yule mzee wa Uvira hakuwa na habari na umri wala shule. Hoja yake ilikuwa uso. Alisema, kwa Kiswahili chake kile kinachopenda kupitia Kifaransa, kwamba mtu aliyebeba jukumu huonekana amelibeba. Akamtaja kocha mkuu, Mike Tomlin: mtazame anavyosimama, mikono kifuani, miwani ya giza, hacheki na mtu. Yule ndiye kiongozi.

Hapo shemeji yangu, aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa, akashindwa kuvumilia. "Samahani Mzee, lakini Tomlin huyo huyo, si ndiye alikanyaga uwanja?"

Duka zima likacheka, maana ni kweli. Siku ya Sikukuu ya Shukrani, tarehe 28 Novemba 2013, huko Baltimore, Jacoby Jones wa Ravens aliukimbiza mpira wa kuanzia pembezoni mwa uwanja, akamkuta Tomlin amesimama pasipotakiwa, mguu mmoja umeingia ndani ya mstari. Ikabidi Jones apinde, akakamatwa. Steelers walipoteza 22–20, na ligi ikamtoza Tomlin faini ya dola 100,000. Ulikuwa msimu wa kwanza wa Danny Smith hapa. Tukio baya zaidi la timu maalumu mwaka ule lilifanywa na yule bwana asiyecheka.

"Mkimwona amenyamaza mtasema amechoka," shemeji akaendelea, safari hii anatuangalia sote. "Akipiga kelele, mchekeshaji. Afanyeje sasa?"

Mzee hakujibu. Alinywa soda yake.

Na mimi sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa najitetea kimoyomoyo. Kwa kweli nilikuwa upande wa mzee. Nimelelewa Tanga na walimu ambao ukimwona anacheka unajua leo kuna mtu atalia. Kwetu ukali ndiyo hati ya kazi. Daktari asikutanie, fundi asipige miluzi, na imamu akitia utani mwingi kwenye hotuba kuna wazee watarudi nyumbani wakinong'ona. Nilipoanza kuangalia mpira huu, na kumwona mzee mwenye kofia anatafuna mbele ya watu elfu sitini, nilisema yale yale: huyu hana habari.

Kilichonibadilisha kwa kiasi fulani ni Boswell, na kwa kiasi kikubwa kazi yangu mwenyewe.

Nianze na Boswell. Mashabiki wapya wanamjua kama mtu asiyekosa. Mwaka 2024 alifunga 41 kati ya mapigo 44. Msimu ule Steelers walishinda mechi mbili bila kufunga tachidauni hata moja, 18–10 kule Atlanta na 18–16 nyumbani dhidi ya Ravens, kila moja kwa mapigo sita ya Boswell. Lakini nilikuwa hapa mwaka 2018. Alikuwa ametoka kupewa mkataba mnono kabla ya msimu, na akaharibikiwa. Kati ya mapigo 20 alipata 13 tu. Desemba ile kule Oakland, sekunde za mwisho, pigo ambalo lingeisawazisha mechi, akateleza, mguu wa kusimamia ukamkimbia, mpira ukaenda kunakojulikana na Mungu. 24–21. Mjini hapa hakuna aliyetaka kumsikia. Watu walitaka aondoke yeye, na kocha wake aondoke naye, ikiwezekana kwa basi moja.

Hawakuondoka. Mwaka uliofuata Boswell alipata 29 kati ya 31.

Siwezi kukwambia ni nini hasa kilifanyika kati ya msimu huu na ule. Sikuwepo mazoezini. Ninachojua ni kwamba mpigaji aliyevurugika kichwani hapony­eshwi na mbinu mpya ya mguu peke yake. Pigo lote, tangu mpira urushwe kinyumenyume kati ya miguu ya mrushaji, udakwe, usimamishwe na upigwe, ni sekunde moja na kidogo. Ndani ya muda huo hakuna nafasi ya kufikiri, na anayefikiri ameshakosa. Sasa mpe mtu wa namna hiyo kocha anayemkazia macho kila siku. Au mpe mzee anayetafuna bigijii kama vile leo ni Jumamosi ya kawaida. Mimi ningemchagua nani? Ningemchagua wa bigijii, tena bila kujadiliana.

Ila nisimfanye mtakatifu. Huyu ndiye kocha ambaye chini yake, Novemba 2016 kule Baltimore, Steelers wakiwa nyuma 21–14 na wanahitaji kuupata tena mpira, Boswell alijaribu kuupiga kwa mguu uliopitishwa nyuma ya mguu mwingine. Rabona, ndugu zangu! Ile ile ya viwanja vya mchanga, ile ya kumkejeli beki. Mguu uliugusa mpira kidogo tu, ukaviringika kama limau lililodondoka sokoni. Aibu. Nililala na njaa kwa hasira. Lakini hata hiyo, ukiitazama bila hasira, si kazi ya mtu asiyejali. Asiyejali hafanyi mazoezi ya rabona. Asiyejali hupiga ule mpira wa kawaida ambao hakuna atakayemlaumu nao. Na kwenye mechi ya kwanza ya 2021 kule Buffalo, Miles Killebrew alipouzuia mpira wa mpigaji wao na Ulysees Gilbert akaubeba mpaka ndani, Steelers wakashinda 23–16 siku ambayo shambulizi letu lilikuwa limelala usingizi, hilo nalo halikudondoka kutoka mbinguni.

Sasa kazi yangu. Nafanya zamu ya usiku kwenye hospitali moja hapa mjini, chumba ambacho wagonjwa hawakijui. Vyombo vya upasuaji vinakuja na damu, vinaoshwa, vinakaguliwa kwa kioo cha kukuzia, vinapangwa kwenye trei, vinafungwa kwa kitambaa cha bluu, vinaingia kwenye mvuke wa nyuzi 132. Kazi hii ukiifanya sawasawa miaka kumi hakuna atakayejua jina lako. Ukikosea mara moja, utaitwa ofisini kabla ya kunawa mikono.

Mwanamke aliyenifundisha anaimba. Anaimba zamu nzima, nyimbo za kanisani, anachanganya maneno, anacheza na mabega. Wiki ya kwanza nilimwona kituko. Usiku mmoja nikafunga trei yangu vizuri, kona zimekaa, utepe umekaa, nikampa. Bila kuacha kuimba akaifungua, akakiinua kitambaa mbele ya taa, akakigeuza polepole, akasimama. Akanionyesha kwa ncha ya kidole. Nukta ya mwanga. Tundu dogo kama la sindano, ambalo mimi, kwa ukimya wangu wote na uso wangu wa kazi, sikuliona. Akakitupa kile kitambaa, akachukua kingine, akaendelea na ubeti aliokuwa ameuacha.

Tangu usiku ule nimekuwa mwangalifu na nyuso.

Kuna kocha mwingine mzaliwa wa Pittsburgh ambaye napenda kumtaja mjadala huu ukipamba moto, Mike Westhoff. Huyu alikuwa na mdomo, akisema jambo halina kona. Mwaka 1988, akiwa na Miami Dolphins, akakutwa na saratani ya mfupa mguuni. Akapasuliwa mara nyingi. Akarudi uwanjani. Alifundisha timu maalumu za Miami mpaka 2000, za Jets mpaka 2012; chini yake, kwenye mechi ya kwanza ya 2002 huko Buffalo, Chad Morton alirudisha mipira miwili ya kuanzia mpaka ndani, wa pili ukiwa ndio uliomaliza mechi katika muda wa nyongeza. Akastaafu. Mwaka 2017, karibu miaka 70, akarudi kazini, New Orleans. Akaondoka. Mwaka 2023 akarudi tena, Denver, na akaacha katikati ya msimu kwa sababu za afya. Sasa niambie, huyo ana moyo wa kazi au hana? Ukihesabu alivyoondoka utasema hana. Ukihesabu alivyorudi, na mguu aliorudi nao, utanyamaza. Nilipowasimulia dukani, dereva wa lori akasema watu kama hao hawajui kukaa nyumbani tu, hiyo siyo sifa. Labda. Kazi hii ina watu wa ajabu kidogo. Inabidi uwe na kitu kichwani ili uipe maisha yako kazi ya sekunde tano tano.

Turudi kwa Kaleb Johnson, maana hapo ndipo utetezi wangu unapoyumba.

Tangu 2024 ligi imebadilisha mpira wa kuanzia. Ukitua ndani ya zile yadi 20 kabla ya mstari wa mwisho, lazima uchezwe, na ukidunda kuingia eneo la kufungia bado uko hai. Mrudishaji angeulalia tu pale pale ndani, timu yake ingeanza kwenye yadi ya 20, basi. Chuoni mambo ni tofauti: mpira uliodunda na kuingia humo bila kuguswa hufa wenyewe. Kwa hiyo miguu ya yule kijana ilifanya ilichozoea. Akili ilikuwa Pittsburgh, miguu ilikuwa bado Iowa.

Na hapo, sema unavyotaka, kocha ana kesi ya kujibu. Kumwambia mtu sheria siyo kumfundisha. Naamini aliambiwa, sidhani kuna kijana anayewekwa pale nyuma bila kuambiwa. Lakini kazi ya mwalimu ni kuirudia mpaka miguu nayo isikie. Moyo wa kazi hauzuii kosa, kama vile yule mama yangu wa nyimbo naye ameshapitiwa, ananiambia mwenyewe. Ndiyo maana nachoka na mjadala wenyewe ulivyokaa. Kila kosa lazima liwe ushahidi kwamba mtu hajali. Mtu akijali na bado akakosea, hatuna pa kumweka.

Wiki mbili baadaye Steelers walicheza Dublin, Ireland, dhidi ya Minnesota Vikings. Kwa huku ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na kinyozi akafungua duka mapema, chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati za shemeji kwenye foili. Mzee wa Uvira alikuja na koti la kanisani, akasema atakaa mpaka mapumziko tu. Akakaa mpaka mwisho, 24–21 kwetu. Kila mpira wa kuanzia ulipopigwa kuelekea upande wetu, duka lote lilinyamaza, watu wakiinama mbele kana kwamba wangeweza kuudaka wao.

Katikati ya mechi, runinga ikamleta: kofia, taya, mdomo wazi, anamwambia kitu mchezaji mmoja huku amemshika bega, anamwonyesha kwa kiganja mahali pa kusimama. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchezaji anatikisa kichwa kukubali. Mzee Danny anamwonyesha tena.

Mzee wa Uvira alitazama kimya mpaka picha ikaondoka.

"Bon," akasema. "Iko najali. Lakini afunge kinywa."